Sema "Sitini na Sita": Maneno kwa Vijana wa Tanga Kuhusu Ufundi wa Meno

Haya niliyasema mbele ya wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne, pamoja na wazazi na walimu wao, hapa Tanga mjini, katika wiki ya Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani, ambayo huwa tarehe 20 Machi. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, ila nimepunguza marudio.

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi wangu, na nyinyi wanangu mliokaa chini kwa kuwa viti havikutosha: Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Hamjambo?

Kabla sijaenda mbali, naomba tuseme wote, pole pole: "sitini na sita." Tena. "Sitini na sita." Sasa semeni "fedha." Semeni "thelathini." Ahsanteni sana.

Mlipotamka ile s, meno yenu ya juu na ya chini yalisogeleana bila kugusana, ukabaki upenyo mwembamba wa kupitisha pumzi. Kwenye f ya "fedha", ncha za meno ya mbele ya juu zilitua juu ya mdomo wa chini. Ilipofika dh, ncha ya ulimi ikaenda kuegemea meno yale yale. Hakuna kati yenu aliyeyafikiria hayo. Mimi huyafikiria kila siku ya kazi, kwa sababu kazi yangu ni kumtengenezea meno mtu ambaye yake yametoka, na meno hayo yasipokaa pale ulimi ulipoyazoea, atakula vizuri lakini "sitini na sita" itatoka na mluzi.

Mimi ni fundi sanifu wa maabara ya meno. Sing'oi, sizibi, sichomi sindano ya ganzi. Daktari humwona mgonjwa, humchukua kipimo, yaani alama ya meno na ufizi wake, kipimo kinaletwa kwangu, nami natengeneza. Wagonjwa wengi ambao kazi yangu imo vinywani mwao hawanijui, na tukipishana barabara ya ishirini na moja hatusalimiani. Lakini mimi jino langu nalitambua.

Nilikulia Ngamiani, kwa bibi mzaa mama. Bibi alikuwa kibogoyo. Asubuhi tuliamshwa na sauti ya kinu chake kidogo: anatwanga tambuu, popoo na chokaa. Mashoga zake waliokuwa na meno walitafuna. Yeye alitwanga kwanza, ndipo akatia kinywani. (Nawaambia pia vijana, kwa kuwa nimeitaja: popoo husababisha saratani ya kinywa, jambo hilo limethibitishwa, msiione ni desturi tu ya wazee.) Nyama alitugawia sisi wajukuu, akasema yeye haipendi. Tuliamini. Akicheka alivuta ncha ya leso akafunika mdomo. Picha ya harusi ya mama mdogo ninayo hadi leo: watu wote wanacheka, bibi amefumba midomo kwa nguvu kama mtu aliyekasirika. Hakuwa amekasirika. Siku ile alicheza tangu magharibi.

Nilipokuja kusomea kazi hii ndipo nikaelewa kwamba bibi aliipenda nyama.

Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2022, linasema watu wapatao bilioni 3.5 duniani wana maradhi ya kinywa ya aina moja au nyingine, na kwamba miongoni mwa watu wenye umri wa miaka 60 na zaidi, karibu asilimia 23 hawana hata jino moja. Kibogoyo kabisa. Kwetu watu wengi hufika hospitali jino limeshaoza hadi kwenye mzizi, usiku hakulaliki, na kinachobaki ni kung'oa. Hapa Tanga tuna chuo kinachofundisha matabibu wa meno, na ninawaheshimu sana, wametuliza maumivu ya watu wengi. Ila kung'oa ni kazi ya dakika chache. Kulirudisha jino lile ni kazi ya wiki kadhaa, na inataka mikono mingine. Tunao wang'oaji wengi kuliko warudishaji, na pengo hilo ndilo lililonileta kwenu leo. Kila jino linalong'olewa linaacha deni, na walipaji wa deni hilo ni wachache mno.

Deni lisipolipwa hospitalini, watu hulilipa mtaani. Mnawajua wanaopita na vimkoba: kwa nusu saa anakubandikia jino la mbele kwa dawa ya kugandisha, limeshikamana na meno ya jirani na limekaa juu ya ufizi wenyewe. Linapendeza wiki ya kwanza. Baadaye uchafu unakaa chini yake, mswaki haufiki, ufizi unavimba, na meno mawili mazima ya jirani yanaanza kulegea. Nimepokea vipimo vya watu walioingia kwa pengo moja wakatoka na mapengo matatu. Siwatukani wale mafundi, maana wengine wana mikono mizuri kunishinda. Hakuna aliyewafundisha.

Sasa niwaonyeshe kazi yenyewe inavyoanza.

Hii iliyo mezani ni jasi. Mkipanda basi la kwenda Moshi au Arusha, mkishapita Same kuelekea huku au mkiwa mnaikaribia kutoka huku, mnapita Makanya. Pale jasi inachimbwa ardhini na kupelekwa kwenye viwanda vya saruji, kwa sababu saruji husagwa na jasi kidogo ili isigande kabla fundi hajaipaka. Jasi hiyo hiyo, ikisafishwa na kuchomwa kwa joto la nyuzi 120 hivi au zaidi kidogo, hupoteza sehemu kubwa ya maji yaliyofungwa ndani yake na kuwa unga mweupe tunaouita plasta. Ukiurudishia maji, unayakumbatia tena na kuwa jiwe. Ndiyo kemia yenu ya kidato cha tatu hiyo, mwalimu wa kemia yupo hapa atanisahihisha. Na wakati unaganda hutoa joto: ukishika modeli, yaani mfano wa kinywa uliomiminwa kwa plasta hiyo, baada ya dakika kumi utaisikia ina joto kama yai lililotoka chini ya kuku.

Unga wa kawaida, gramu 100, unataka maji mililita 50 hivi. Ule mgumu zaidi, tunaotumia kwa modeli ya kutengenezea meno, unataka mililita 30 tu. Ukizidisha maji kwa kuwa unataka uchanganyike kirahisi, jiwe lako litakuwa laini, utalikwangua bila kujua, na meno yatakayotengenezwa juu yake hayatamwenea mgonjwa. Ukitia maji yenye chumvi kidogo, linaganda upesi kuliko ulivyopanga. Kwa watu wa pwani hilo ni la kuangalia. Kisima kilicho karibu na bahari si cha maabara.

Wahenga walisema penye miti hakuna wajenzi. Nimewahi kununua plasta iliyosafiri kwa meli kutoka Ulaya, ikashushwa bandarini, ikapita kwa wafanyabiashara watatu, nami nikailipia bei ya wote hao, ilhali jasi inalala Makanya. Jasi ya meno inataka usafi na upimaji ambao bado hatujaufanya. Lakini ni kazi ya mtu aliyesoma kemia, na huyo mtu anaweza kuwa amekaa hapo chini.

Kipimo chenyewe huchukuliwa kwa unga unaoitwa aljineti, unaotokana na mwani wa kahawia wa bahari za baridi. Huu wetu unaolimwa huku pwani ni mwani mwekundu, unatoa kitu kingine, msichanganye. Aljineti ikikaa wazi inanywea, ikilowekwa majini inavimba. Kwa hiyo kipimo hufunikwa kwa kitambaa chenye unyevu na humiminiwa plasta mapema, ndani ya nusu saa hivi. Nimeletewa kipimo kilichofungwa kwenye mfuko wa rambo tangu jana yake. Hapo hakuna la kufanya ila kumpigia daktari simu na kumwambia mgonjwa arudi.

Baada ya modeli tunajenga kuta za nta, daktari anapima jinsi taya mbili zinavyokutana, tunapanga meno juu ya nta moja moja, mgonjwa anajaribu, tunarekebisha. Yakikubalika, tunayafukia yote ndani ya chombo cha chuma kinachoitwa flaski, tunaiyeyusha nta kwa maji ya moto, na pale nta ilipokuwa tunajaza akriliki, aina ya plastiki ngumu, unga na maji yake, rangi ya ufizi. Kisha tunapika.

Hapo kwenye kupika nina habari yangu mwenyewe.

Mwaka wangu wa pili kazini, katika maabara ambayo sitaitaja, nilikuwa na kazi ya mzee mmoja mstaafu wa reli. Binti yake alikuwa anaolewa Lushoto siku ya Jumamosi, na mzee alitaka meno yake Ijumaa. Umeme ulikatika Jumatano nzima. Akriliki inataka ipikwe taratibu: nyuzi 74 kwa saa nane, au nyuzi 74 kwa saa mbili kisha nyuzi 100 kwa saa moja. Maji yale ya akriliki huchemka kwenye nyuzi 100 na kidogo tu, na akriliki yenyewe ikiwa inaganda hutoa joto lake, kwa hiyo ukiharakisha, katikati ya sehemu nene inachemka ikiwa imefungwa na mvuke hauna pa kutokea. Nilijua hayo. Nilikuwa nimeyajibu kwenye mtihani. Lakini ilikuwa usiku wa Alhamisi, nikaitia flaski moja kwa moja kwenye maji yanayochemka.

Asubuhi yalikuwa yanang'aa. Nikayasugua, nikayapiga msasa, nikampa daktari, mzee akayavaa, akaenda zake. Akiwa Lushoto, kwenye chakula cha harusi, bamba la juu likapasuka katikati.

Aliyekuwa mkubwa wangu hakunigombeza. Alichukua vile vipande, akakata kwa msumeno pale pananenepa nyuma chini ya magego, akanipa nitazame. Ndani kulikuwa na matundu matupu, kama kitumbua. Akaniambia nikae na kile kipande mfukoni wiki nzima. Meno mapya nilitengeneza kwa pesa yangu, kwa saa zake zote nane, na mzee aliyapokea kwa upole ambao sikustahili. Lakini harusi ya binti yake haikurudi. Picha zake za siku ile, mkono upo mdomoni. Bibi yangu mwingine.

Kile kipande ninacho. Nimekuja nacho, kitapita mikononi mwenu, tafadhali kirudi.

Niwaeleze na la pili. Ustadhi mmoja wa madrasa aliumia kwenye ajali ya bodaboda, akapoteza meno manne ya mbele ya juu. Alitengenezewa meno mahali fulani, yakawa meupe, ya kupendeza. Akaacha kusomesha. Mkewe ndiye aliyesema: anaona haya, herufi hazitoki. Daktari akaniomba niende kliniki nimwone mwenyewe, jambo ambalo huwa halitokei mara nyingi, na ningependa litokee zaidi. Nikamwomba ustadhi asome. Akaanza Alfatiha. Alipofika kwenye "alladhina" nikasikia: ile dh ilikuwa z. Wanaojua tajwidi, elimu ya kusoma Kurani kwa usahihi, wanajua makharaji ya herufi hiyo, yaani mahali inapotokea, ni ncha ya ulimi na ncha za meno ya juu ya mbele. Meno yake mapya yalikuwa yamesukumwa nje mno na nyuma yake akriliki ilikuwa nene, ulimi ukifika haukuti pale ulipopazoea tangu utotoni. Nilipanga meno upya kwenye nta. Niliyarudisha ndani milimita moja, nikapunguza unene wa nyuma. Milimita moja, wanangu. Akayajaribu, akaanza tena kusoma. Alipopita lile neno alinyamaza kidogo, akaangalia chini, kisha akasoma hadi mwisho. Daktari na mimi tulisimama tu.

Vitabu tulivyosomea ni vya Kiingereza, na ndani yake mgonjwa anaambiwa ahesabu kwa Kiingereza ili fundi asikilize s na f. Miaka mingi nilimwambia mama wa Pangani ahesabu kwa lugha asiyoijua, kisha nikashangaa anababaika. Kiswahili kina kila sauti ninayoihitaji: "sitini na sita", "fedha", "thamani", "vifaa". Ila kuna tahadhari. Mtu aliyekua akisema "zahabu" kwa kuwa lugha ya mama yake haina dh, usiyalaumu meno. Muulize kwanza alikuwa akisemaje zamani. Hilo halimo kitabuni. Linatoka kwa kuishi na watu.

Na kuna kazi nzito zaidi. Mtu akipata uvimbe wa taya la juu, daktari bingwa wa upasuaji humtoa nusu ya kaakaa ili apone. Anaamka yuko hai, lakini akinywa maji yanatoka puani, na akisema hakuna anayemwelewa, maana kinywa na pua vimekuwa chumba kimoja. Fundi humtengenezea bamba lenye kizibo kinachoziba tundu lile. Anapolivaa mara ya kwanza, anaita jina la mtoto wake na mtoto anageuka. Wapo pia mafundi wanaotengeneza sikio na pua kwa silikoni, kwa watu ambao saratani ya ngozi imewala. Ndugu zetu wenye ualbino, kwa jua hili la pwani, ndio wanaoyahitaji mno. Kufika hapo unataka masomo zaidi ya yale ya mwanzo.

Basi masomo. Kwa kidato cha nne, mlango ni ufaulu wa sayansi: fizikia, kemia, bayolojia. Stashahada za afya nchini zinasimamiwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, na mwongozo wao wa udahili hutoka kila mwaka. Someni wenyewe, msitegemee maneno ya vijiweni. Anayetaka kuwa daktari wa meno atakwenda kidato cha sita, kisha shahada ya miaka mitano kama ile ya Muhimbili, na baada ya mafunzo ya vitendo anaweza kurudi kusomea ubingwa, ukiwemo wa kurudisha meno. Kwa majirani, Nairobi wanafundisha ufundi wa meno kwenye KMTC, chuo cha mafunzo ya afya cha Kenya. Afrika Kusini, pale Durban University of Technology, fundi wa meno anapata shahada na kupanda hadi masomo ya uzamili. Nchi ile ina sheria maalumu ya mafundi wa meno tangu mwaka 1979. Uingereza, tangu mwaka 2008, fundi wa meno asiyesajiliwa haruhusiwi kufanya kazi. Ujerumani kijana hujifunza miaka mitatu na nusu, siku nyingine darasani na nyingine kwenye benchi la maabara, akiwa analipwa, na akiendelea anafanya mtihani wa kuwa fundi mkuu, ambaye ndiye anayeruhusiwa kufungua maabara na kufundisha wengine. Huo mtindo naupenda. Wajerumani walituachia jengo la hospitali pale Bombo, mnalijua. Laiti wangetuachia na ule utaratibu wa kumlea fundi.

Mama mmoja aliniuliza: "Nimsomeshe mwanangu awe fundi?" Mama, ndiyo. Neno fundi lisikutishe. Na mabinti, sikilizeni: mkono unaochora hina kwenye harusi za hapa bila kutetemeka, mstari mwembamba kama unywele, ndio mkono unaochonga jino la nta. Vivyo hivyo kijana anayeshona kofia ya viua. Nikiwa na nafasi moja ya mwanafunzi nitaangalia mikono kabla ya cheti.

Wengine watasema kompyuta imeshaimaliza kazi hii. Ni kweli mambo yamebadilika. Sasa kinywa kinapigwa picha ya pande zote, jino linachorwa kwenye skrini, mashine inalichonga kwenye zirkonia, aina ya kauri ngumu. Lakini zirkonia huchongwa ikiwa kubwa kwa asilimia 20 hadi 25 kuliko jino linalotakiwa, kisha huchomwa kwenye tanuri la nyuzi 1,500 hivi, ikanywea hadi kipimo chake. Nani anajua jino la magego la mzee huyu liweje ili lisigongane na la chini? Mashine inauliza, mtu anajibu. Na faili husafiri: kijana aliyeko Chumbageni mwenye kompyuta na intaneti anaweza kuchora jino linalochongwa Dar es Salaam kesho yake.

Jambo moja nisilisahau, nalisema kwa ukali: vumbi. Vumbi la silika na la metali za kobalti huua mapafu taratibu. Marekani waliwahi kutoa taarifa mwaka 2004 ya mafundi wa meno waliopata ugonjwa wa mapafu wa silika, ule tuliozoea kuusikia kwa wachimba migodi. Mkiingia maabara ambayo haina feni ya kunyonya vumbi na bosi anakuambia vumbi halina neno, vaa barakoa, na uanze kutafuta maabara nyingine.

Nimesema mengi, na plasta haingoji. Maji yako kwenye jagi, nimepima mililita 30, unga gramu 100, bakuli hili la mpira. Nahitaji watu wawili. Wewe binti mwenye hina, njoo. Na wewe kijana uliyekuwa unakigeuza kipande changu tangu mwanzo, njoo nacho. Unga ndio unaotiwa kwenye maji. Pole pole, uache uzame wenyewe.